Tembea Uone, Lakini Ulipe

Wahenga walituusia, "Tembea uone." Hawakusema, "Tembea upunguziwe bei." Naanza na maneno hayo kwa sababu wako vijana wengi wanaozunguka dunia na shanta mgongoni, na ukiwauliza waliona nini huko walikopita, jibu la kwanza ni kwamba walilala kwa pesa kadha na kula kwa pesa kadha. Mji mzima unageuka kuwa bei tu! Mimi nakataa. Safari ya nchi kavu ni jambo jema mno, na kila kijana apataye nafasi na aifanye. Lakini wema wake hautokani na urahisi wa nauli. Unatokana na mwendo wa polepole. Na yule anayeifuata njia hiyo kwa ajili ya urahisi pekee, aghalabu huwaachia wenyeji hasara.

Wapenzi wasomaji, sisemi haya kwa kusikia tu. Mimi nilikuwa mwanachama wa chama hiki cha Kiswahili, na baada ya kufanya kazi na kuweka akiba kidogo kidogo, nilikata shauri nikaone Asia ya Kusini Mashariki. Nilikaa njiani wiki saba, kutoka Singapore hadi Hanoi, kwa basi, gari la moshi, boti na miguu. Ndege sikupanda hapo katikati hata mara moja. Watu waliniuliza, "Kwani ndege zimekwisha?" Hazikuwa zimekwisha. Nilitaka kuona nchi moja inavyoisha na nyingine inavyoanza.

Njia hiyo si ngeni. Mwaka 1975 Tony na Maureen Wheeler walitoa kitabu cha kuwaongoza wasafiri wa sehemu hizo, na hata jina lake la Kiingereza lilikuwa na maana ya kusafiri kwa pesa kidogo kabisa. Tangu hapo wabeba shanta wamekuwa wakifuatana katika miji ile ile kama siafu. Zamani hizo, nchi kavu ilikuwa kweli ndiyo njia ya maskini. Lakini tangu mwaka 2001 kampuni ya AirAsia ilipoanza kuuza tikiti za bei ya chini, na nyingine zikafuata, mambo yamebadilika. Ukijumlisha nauli za basi, malazi ya njiani, chakula na viza za nchi unazokatiza, mara nyingi ndege ndiyo nafuu. Basi kama kinachotafutwa ni nafuu, panda ndege, ndugu yangu, ufike upesi! Atakayechagua barabara lazima awe na sababu nyingine.

Sababu ya kwanza ninayoitoa ni ya kwetu sisi wapenzi wa lugha. Kutoka Singapore kwenda Malaysia unapita juu ya tuta la barabara lililojengwa baharini, mfano wa lile la zamani la Makupa pale Mombasa. Lina urefu wa kilomita moja hivi, na lilifunguliwa rasmi mwaka 1924. Abiria wote hushuka na mizigo yao mara mbili: upande huu mkaguliwe mnapotoka, upande ule mkaguliwe mnapoingia. Nilipopanda tena basi, mzee aliyeketi karibu nami akanisalimu, "Apa khabar?" Masikio yakanisimama. Khabar! Si ndiyo habari yetu hiyo?

Kuanzia hapo nikawa kama mtoto anayeokota makombe pwani. Dunia kwao ni dunia. Kamusi ni kamus, sabuni ni sabun, sababu ni sebab, wakati ni waktu, hakimu ni hakim, msimu ni musim. Hayo sisi na wao tuliyapata kwa Waarabu. Kisha nikasikia kwamba meza kwao ni meja, na bendera ni bendera vile vile. Hayo nayo ni ya Wareno, ambao walitia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498, na mwaka 1511 wakauteka mji wa Melaka huko Malaysia. Kumbe bahari moja na pepo zile zile za msimu zilitupa maneno sisi na watu tusiowajua! Katika uwanja wa ndege hutayasikia haya, maana huko kila mtu atakusemesha Kiingereza. Niliyaokota ndani ya mabasi, na kwenye vibanda vya chakula vya George Town, mji ambao msikiti, kanisa, hekalu la Wachina na hekalu la Wahindi vimekaribiana kiasi cha kuvizungukia vyote kwa miguu kabla chai haijapoa.

Sababu ya pili ni mipaka. Anayeruka kwa ndege huuona mpaka kama mstari kwenye ramani. Anayepita chini huuona mpaka ukibadilisha maisha ya watu. Ukivuka Padang Besar kuingia Thailand, herufi ulizozizoea zinakwisha, hata neno "choo" huwezi kulisoma. Unabaki kutazama picha. Wabeba shanta wanaokaa vizuri katika viti vyao hapo ndipo wanapojua uchungu wa mtu asiyejua kusoma. Ukitoka Thailand kwenda Laos, kuna daraja juu ya mto Mekong kati ya Chiang Khong na Huay Xai, lililofunguliwa mwaka 2013. Thailand magari hupita kushoto kama kwetu. Laos hupita kulia, kwa kuwa ilitawaliwa na Wafaransa, pamoja na Kambodia na Vietnam. Basi hapo darajani magari hubadilisha upande, na dereva aliyekuwa akikupita kulia sasa anakupita kushoto. Kwa muda wa dakika mbili umeona historia ambayo ungeisoma darasani muhula mzima ukaisahau. Thailand yenyewe haikutawaliwa na Mzungu yeyote.

Na mipaka hiyo si mchezo. Mwaka 2025 majeshi ya Thailand na Kambodia yalipigana, na vivuko vya nchi kavu baina yao vikafungwa. Wafanyabiashara wadogo na vibarua waliokuwa wakivuka kila siku walikatika riziki. Mtu wa ndege alibadilisha tikiti tu.

Sababu ya tatu ni kwamba polepole humlazimisha mtu kukaa na watu. Kaskazini mwa Thailand nilipanda gari liitwalo songthaew, maana yake "safu mbili". Ni gari la mizigo lililowekewa mabenchi mawili nyuma, watu wakatazamana, magoti yakagusana. Wazee wetu wanazikumbuka matatu za zamani za namna hiyo hiyo. Mle ndani huwezi kujifanya humwoni mwenzio. Mama mmoja alinipakatisha kapu lake la mboga bila kuniomba ruhusa, nami nikalipakata mpaka mwisho wa safari. Aliposhuka alinipa machungwa mawili. Sikuwa na neno lolote la kwao zaidi ya "ahsante".

Kutoka Huay Xai nilishuka mto Mekong kwa boti ndefu la mbao mpaka Luang Prabang. Ni siku mbili nzima, na usiku mmoja wa kulala Pakbeng, kijiji kilichojibanza mlimani ukingoni mwa mto. Boti husimama hata mahali pasipo gati: mtu anapunga mkono, anapanda na magunia yake, na kuku wake, na pikipiki yake! Desemba 2021 Laos ilifungua reli mpya kutoka mpaka wa Uchina hadi Vientiane, zaidi ya kilomita 400, na sasa mtu hutoka Vientiane akafika Luang Prabang kwa saa mbili hivi, safari ambayo kwa basi ilimaliza mchana kutwa. Sitaibeza reli hiyo. Mgonjwa, mwanafunzi na mfanyabiashara wanaihitaji. Lakini mgeni asiye na haraka yoyote, na ambaye amesafiri ng'ambo kwa kusudi la kuona, anakimbilia wapi?

Sasa nije kwenye neno lenyewe, neno la kulipa. Maana si kila abebaye shanta ni mgeni mwema.

Hapo Luang Prabang, kila alfajiri watawa wa Kibudha hutoka kwenye mahekalu yao, miguu mitupu, wamefuatana mmoja mmoja na mabakuli yao. Wenyeji huketi kando ya njia na kumtilia kila mtawa kitonge cha wali wa kunata. Hii ni ibada, si ngoma ya kutumbuiza watalii. Lakini niliona nini? Niliona vijana waliofika jana wakiwasogelea watawa mpaka wakakaribia kuwagusa, kamera zinamulika usoni, mmoja kavaa kaptura na kifua wazi. Hebu fikiria mtu akiingia msikitini Ijumaa au kanisani wakati wa sakramenti, akapanda juu ya benchi apige picha! Wenyeji wameomba mara nyingi kwamba wageni wakae mbali, wanyamaze, na wasitumie taa za kamera. Ombi hilo halina gharama hata senti, na bado wengine wanashindwa kulilipa.

Mfano wa pili ni Vang Vieng, mji mdogo wa Laos wenye mto mzuri na milima ya mawe. Wabeba shanta waliugeuza kilabu cha pombe. Walikuwa wakielea mtoni juu ya mipira ya magurudumu, wakisimama kunywa katika kila baa ya ukingoni, mpaka wakawa wanafia humo majini na kwenye mawe. Mwaka 2012 serikali ikazifunga baa nyingi za mtoni. Kisha Novemba 2024 watalii 6 walikufa kwa pombe yenye sumu ya methanoli katika mji huo huo. Nawalilia vijana hao, walikuwa na wazazi kama sisi. Lakini nauliza pia: mwanakijiji aliyezaliwa pale, aliyeogelea mto ule utotoni, alipata nini kwa kelele zote hizo? Jina la kijiji chake limebaki na sifa ya ulevi ambao si wake.

Mfano wa tatu ni huu wa kupigania senti. Hanoi, katika mitaa ya kale ambayo mingi yake huitwa kwa jina la bidhaa iliyouzwa hapo zamani, kina mama hupita na mizega mabegani, kikapu mbele na kikapu nyuma, wakiuza matunda. Nilimshuhudia kijana mwenye kamera ya bei ya ng'ombe kadhaa akibishana na mama kama huyo kwa robo saa juu ya dong 10,000. Hizo ni kama shilingi 50 za kwetu. Alipopunguziwa alishangilia, akawaonyesha wenzake kama mtu aliyefunga bao. Mama akajitwika mzega wake akaenda zake, na jua lile! Na Kuala Lumpur niliona jambo la ajabu zaidi: kijana wa Kizungu, mzima wa afya, ameketi chini na kibao cha kuomba pesa za kumalizia ziara yake ya dunia. Akapita mwanamke aliyevaa sare ya kufagia barabara, akamtilia noti. Nilitafuta neno la kuieleza hali hiyo, nikalikosa katika lugha zote nizijuazo.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema, "Je, asiye na pesa nyingi asisafiri? Dunia iwe ya matajiri?" La hasha! Tena nitawaongezea hoja. Mbeba shanta anaweza kuwa na faida kwa mji mdogo kuliko tajiri. Tajiri hulipia kila kitu kabla hajatoka kwao, akapokewa na basi la kampuni, akalala katika hoteli ya kampuni. Pesa nyingi hazifiki kijijini. Mwenye shanta hulala kwenye nyumba ya wageni ya mama fulani, hula kibandani, hupanda gari la kijana wa mtaa. Shilingi yake moja humwangukia mwenyewe mkononi. Hata barabara maarufu ya Khao San, huko Bangkok, jina lake lina maana ya mchele, kwa kuwa palikuwa soko la mchele, na wenyeji walipoanza kuwakodishia wageni vyumba miaka ya 1980 maisha ya wengi yaliinuka. Hayo ni kweli.

Watasema pia, "Mbona kupatana bei ni desturi?" Ni desturi, nani asiyejua? Sisi watu wa Gikomba na Kongowea tutafundishwa na nani kupatana bei? Lakini kupatana na kukamua ni mambo mawili. Kupatana, nyote wawili mnacheka mwishoni. Kukamua, mmoja anakubali kwa sababu watoto wanangoja unga. Msafiri mwerevu huuliza kwanza wenyeji wenyewe hulipa ngapi, akalipa hiyo, na akizidisha kidogo hafi.

Na kuna deni jingine ambalo halilipwi kwa noti. Baada ya Luang Prabang nilipita Phonsavan, katika mkoa wa Xieng Khouang, ambako kuna uwanda wenye mitungi mikubwa ya mawe ya kale, uliotiwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka 2019. Kati ya mwaka 1964 na 1973 ndege za Marekani ziliangusha zaidi ya tani milioni 2 za mabomu juu ya Laos, katika safari zaidi ya 580,000. Mengi hayakulipuka. Yamelala mashambani hadi leo, na mkulima anayelima au mtoto anayecheza huweza kuyalipua. Ndiyo maana pale kwenye mitungi unaambiwa upite katikati ya alama zilizowekwa ardhini, usitoke nje yake. Septemba 2016 Rais Barack Obama, ambaye babake alikuwa Mkenya, alifika Laos, akiwa rais wa kwanza wa Marekani kuizuru nchi hiyo akiwa madarakani. Aliahidi dola milioni 90 kwa miaka mitatu kusaidia kazi ya kuyaondoa.

Katika kijiji cha Ban Napia, karibu na hapo, watu huyeyusha vyuma vilivyosalia vitani wakatengeneza vijiko. Nilikaa na fundi mmoja, nikamwangalia akimimina ile alumini kwenye kalibu ya mbao na majivu. Kijiko changu kikatoka kingali moto. Huko ndiko kutembea na kuona ninakokusudia. Ukiisha kukaa na mtu anayekula kwa kijiko cha bomu, je, utabishana naye bei?

Nasi Wakenya tusidhani tuko upande wa wageni tu. Sisi ni wenyeji pia. Lamu, Malindi na Watamu wanawajua wabeba shanta tangu zamani, wazuri kwa wabaya. Tunamkumbuka kwa mapenzi yule aliyejifunza kusema "shikamoo" kabla ya kuuliza bei, na tunamkumbuka kwa vingine yule aliyekatiza barazani nusu uchi wakati wa adhana. Basi lile tunalolitamani kwa wageni wetu tuwafanyie wenyeji wa wengine siku tutakapobeba shanta zetu.

Ushauri wangu kwa mwanachama atakayekwenda huko ni mfupi. Chukua kadi ya manjano ya chanjo, maana sisi tutokao Kenya huulizwa. Miji michache, siku nyingi: afadhali uujue mji mmoja kuliko kuhesabu kumi. Jifunze maneno kumi ya kila lugha, na usiogope kuchekwa. Wavietnam wana silabi "ma" ambayo kwa kupandisha na kushusha sauti huwa mama, mzimu, farasi, kaburi, mche wa mpunga na "lakini", na nilipomwita mama mwenye nyumba yangu farasi tulicheka sote mpaka machozi. Funika mabega hekaluni, vua viatu, omba ruhusa kabla ya picha. Usinywe usichojua kimetoka wapi. Na ukiona bei imepungua mno hata ukashangaa, jiulize ni nani aliyeimalizia.

Wahenga wale wale waliosema "Tembea uone" walisema pia, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Apone, jamani. Hawakusema aumie.